Kuchomwa sindano ya uvimbe wa titi Mbeya: yaliyonikuta

Nilikuwa naoga nikagusa kitu kama punje ya karanga kwenye titi la kushoto, karibu na kwapa. Hakiumi, ukikibonyeza kinateleza. Nina miaka 26. Zahanati ya kwanza waliniandikia dawa za jipu za siku 7 bila hata kunishika. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nikapanda kosta kutoka Tukuyu kwenda hospitali moja ya Mbeya mjini, kichwani nimebeba maneno ya jirani: uvimbe ukichomwa unasambaa. Daktari, mama mtu mzima, aliona ninavyotetemeka. "Mwanangu, hii sindano ya kuchukua seli za kupima ni nyembamba kuliko ile ya kutolea damu. Haisambazi kitu."

Mchomo wenyewe haukufika dakika moja. Aliubana uvimbe kwa vidole viwili, akavuta bomba huku sindano akiipeleka mbele na nyuma. Vilitoka vitone tu, akavitandaza kwenye vioo. Kimoja akakiacha kikauke, vingine akavitumbukiza upesi kwenye spiriti. Nikauliza kwa nini. Kilichokauka kinapakwa Giemsa, rangi ile ile ya kupimia malaria. Vya spiriti vinapakwa rangi ya Papanicolaou, inayoonyesha vizuri kiini cha seli. Vikikauka kabla ya kuzamishwa, seli zinaharibika na kuzisoma inakuwa shida.

Siku ya majibu nikaambiwa seli hazikutosha, turudie. Nililia palepale kwenye benchi. Kumbe hutokea, ila mgonjwa aambiwe mapema, maana nauli na hofu vyote ni vyake.

Mara ya pili yule mama aliniita mwenyewe kwenye hadubini. Niliona seli za zambarau zimeshikamana kwa mafungu yenye matawi, na pembeni viini vitupu vimetapakaa kama ulezi uliomwagika. Akanieleza kuwa seli za saratani mara nyingi huachana, viini vyake vikubwa na havilingani. Yangu ilikuwa fibroadenoma, siyo saratani. Hata hivyo hakuniruhusu mpaka alipolinganisha na ultrasaundi na alichokishika kwa mkono. Vingepishana, angechukua kipande cha nyama ya uvimbe kwa sindano nene.

Kwa maelezo yale nawashukuru kwa moyo wote. Baada ya miezi 6 narudi kuangaliwa, na safari hii naenda na mdogo wangu, naye ana uvimbe aliokuwa anauficha.