Kisanduku cha vidonge chenye laini ya simu: maoni yangu baada ya kumaliza dozi ya TB, Busia

Nimemaliza dozi ya kifua kikuu ya miezi 6, na muda wote huo vidonge vyangu vilikaa ndani ya kisanduku cha plastiki chenye laini ya simu. Kila nilipofungua kifuniko, taarifa ilikwenda kwa watu wa utafiti. Wenzangu kadhaa hapa sokoni wameniuliza kama wakubali wakipewa, kwa hiyo naandika kwa kirefu. Mimi nasema wakubali, lakini waulize kwanza: kisanduku kikinyamaza, nani atanipigia simu, na atapiga baada ya muda gani? Ukiona wanababaika kujibu swali hilo, baki na kadi yako ya kawaida ya kliniki.

Nauza vitenge na mivumba (nguo za mitumba) Busia, upande wa Uganda. Kazi yangu ni ya kuvuka: mzigo naufuata Kenya, narudi kupitia kile kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa 2018, nauza, navuka tena. Mgonjwa wa TB wa namna yangu huwasumbua sana watu wa afya. Utaratibu wa zamani ni kwamba mtu akuangalie ukimeza, iwe ni sista kituoni au VHT, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea, pale mtaani. Nani atanisubiri mimi alfajiri kila siku, na nani atabaki na wateja wangu nikiwa kwenye benchi la kliniki? Kisanduku kilinipunguzia safari hizo zote.

Kinaingia kwenye mkoba wa kawaida wa mwanamke, japo kikijazwa vidonge vya mwezi mzima kinakuwa na uzito. Kina sehemu mbili: moja ya vidonge, nyingine imefungwa kwa skrubu, na humo ndimo mna betri na laini. Saa uliyochagua ikifika, kinalia na taa ya kijani inawaka. Ukifungua, mlio unakatika na saa ya kufungua inarekodiwa papo hapo. Taa ya njano ni ya kukukumbusha kwenda kuchukua dawa nyingine, nyekundu ni ya betri. Mimi nilichagua saa 12 asubuhi, kabla ya chai, kwa sababu dawa hizi hufanya kazi vizuri zaidi tumbo likiwa tupu. Chaji inadumu wiki nyingi na chaja ni ile ya simu ndogo. Laini wanailipia wao, airtime yangu haikuguswa.

Mlio ulinikera. Tunalala chumba kimoja na watoto, na mdogo alikuwa anashtuka kabla yangu. Niliomba waupunguze, nikaambiwa hakuna sauti ndogo, ni kuuacha ulivyo au kuuzima kabisa. Nikauzima, nikabaki na taa.

Kitu ambacho naona hakuna aliyekifikiria kabla ya kuleta visanduku hapa ni mpaka wenyewe. Busia unaweza kuwa umesimama Uganda na simu yako imeshanasa mtandao wa Kenya. Laini ya kisanduku ni ya Uganda na ng'ambo haifanyi kazi. Nikilala kwa dada yangu upande wa pili na kufungua dawa kule, taarifa haiendi. Haipotei, maana kisanduku kinaitunza na kuituma kikirudi kwenye mtandao wake, na saa inayosomeka ni ile ile niliyofungua. Hilo nililiona mwenyewe kwenye kompyuta ya sista na nalisifu. Ila kwa siku ile, kwao nilikuwa mtu aliyeacha dawa. Walinipigia hawakunipata, kwa kuwa kule natumia laini ya Kenya. Wakamtuma VHT nyumbani, akamkuta wifi yangu, ambaye hakuwa anajua kwamba ninaumwa TB. Wanaoishi mitaa yetu wanajua neno hilo likishatoka nje linavyopokelewa: kesho yake tayari unahesabiwa kuwa una VVU, na kikombe chako kinatengwa.

Nilikwenda kituoni nimekasirika, na nawashukuru kwamba walinisikiliza. Tukakubaliana namba yangu ya Kenya iandikwe kwenye faili, na asije mtu nyumbani kabla mimi mwenyewe sijatafutwa kwa namba zote mbili. Kama wewe ni mtu wa Busia, Malaba au Lwakhakha, dai hayo siku ya kwanza, usingoje yakukute.

Sasa kilichonifanya nikitetee kisanduku hiki mbele ya mtu yeyote. Mwezi wa pili nilianza kutapika. Chakula kikawa kinaninukia vibaya, hata matoke ambayo huwa sikatai. Nilishindwa kumeza vidonge, kifuniko kikakaa bila kufunguliwa. Haikupita muda sista akapiga. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, unaumwa?" Nikamweleza. Akaniuliza macho yangu yana rangi gani. Nikamwita binti yangu aangalie kwenye mwanga wa mlangoni, akasema, "Mama, yana unjano." Sista akaniambia nisimeze kidonge kingine chochote, nipande boda saa hiyo hiyo, nauli ataimaliza yeye nikifika.

Mkojo wa rangi ya chungwa nilikuwa nimeshauzoea, kwa sababu rifampicin ndiyo kazi yake na wanakuambia mapema usiogope. Macho ya njano pamoja na kutapika ni habari nyingine kabisa: hapo ini limeshindwa kuzibeba dawa, na mtu akiendelea kumeza kwa kujikaza anaweza kufa. Walinipima damu, wakasimamisha dawa zote, ini lilipotulia wakazirudisha moja baada ya nyingine huku wakiniangalia. Nikamaliza dozi. Kwa kadi ya kawaida, tarehe yangu ya kurudi kliniki ilikuwa bado mbali, na mimi, kwa tabia ya watu wa sokoni, ningejitibu kwa chai ya tangawizi nikisubiri ipite.

Kisanduku chenyewe hakikujua lolote kuhusu ini langu. Kilijua kwamba kifuniko hakijafunguliwa, basi. Sista ndiye aliyejua la kuuliza. Ndiyo sababu nimeanza na swali la nani atapiga simu. Nimesikia kwamba mahali pengine taarifa hukusanywa tu, zikasomwa mwisho wa utafiti. Mgonjwa wa namna hiyo anafuatiliwa bila kuhudumiwa, na mimi nisingekubali.

Tena kisanduku kinaweza kusema uongo bila kujua. Kundi letu lilikuwa na dereva wa lori la Juba. Kabla ya safari alikuwa anatoa vidonge vya siku zote za njiani, anavifunga kwenye karatasi, kisanduku anakiacha kwa mkewe kwa sababu hataki maaskari wa vizuizini wamwulize ni mashine gani. Kwenye kompyuta anaonekana kameza mara moja kisha kaacha, na kumbe anameza zote. Na mwingine anaweza kufungua kila asubuhi, akaangalia vidonge, akafunga. Sista wetu alikuwa na daftari lake pembeni ya kompyuta, akiandika humo sababu anazoambiwa kwa simu: msiba, safari, mtandao wa Kenya, kutapika. Watafiti wanaotaka kujua ukweli wa dawa zao walisome hilo daftari sambamba na ile michoro ya rangi ya kwenye kompyuta zao.

Ujumbe wa simu wa kunikumbusha dawa nao unahitaji kusemwa. Mwanzoni ulikuja ukitaja dawa waziwazi. Simu yangu inashikwa na kila mtu nyumbani, watoto wanachezea, wifi anapokelea. Nikaomba ubadilishwe. Sasa unasema tu "Habari za asubuhi, mama. Tunakutakia siku njema", kwa Kiswahili, na mimi najua maana yake. Mabadiliko madogo, lakini kwangu yalikuwa na uzito kuliko taa zote tatu.

Kijana mmoja wa utafiti alinieleza kwamba visanduku hivi havikuanzia kwenye TB. Hapa Uganda vilijaribiwa Mbarara, kwa wanaotumia dawa za VVU, na matokeo ya kwanza, ya watu 10, yalichapishwa 2010. Walitumia Wisepill, kinachotengenezwa Afrika Kusini. Mwaka 2016 yakatoka mengine ya hapo hapo Mbarara, watu 63 waliogawanywa katika makundi matatu. Waliopata ujumbe kwa ratiba, kisha baadaye wakawa wanaupata wakichelewa kumeza, walizidi wasiopata ujumbe kwa asilimia 11 katika kutumia dawa. Waliopata ujumbe pale tu walipochelewa hawakuonyesha tofauti ya kutegemewa. Mimi hilo halinishangazi. Salamu ya kila siku inakujengea mazoea na inakuonyesha kuna mtu yuko upande wa pili. Ujumbe unaokuja ukikosea tu unakufanya uikimbie simu.

Njia nyingine zipo, na si zote zingenifaa. Kuna 99DOTS, ambapo ukitoa kidonge unaona namba iliyofichwa chini yake, unaipigia bure, inahesabiwa umemeza. Ilijaribiwa katika vituo 18 vya Uganda, na walioitumia walimaliza tiba vizuri, lakini takriban nusu tu ya waliostahili ndio waliosajiliwa, hivyo kwa vituo vyote kwa jumla tofauti haikuonekana. Faida yake ni bei, shida yake ni kwamba lazima simu iwe mkononi mwako kila asubuhi. Kampala kulikuwa na utafiti wa DOT Selfie ulioongozwa na Juliet Sekandi, ambapo mgonjwa alijirekodi video akimeza na kuituma. Video inaonyesha kidonge kikiingia mdomoni, na hapo inakishinda kisanduku changu. Lakini inataka simu kubwa na mahali pa faragha pa kujirekodi, navyo mimi sina. Na Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mashine yoyote ya namna hii ikikosa mtandao, iweze kutunza taarifa na kuituma baadaye. Changu kinaweza.

Kuhusu fomu ya ridhaa: isomwe kwa lugha unayoielewa, hata ikichukua asubuhi nzima. Mimi nilisomewa kwa Kiswahili, nikauliza taarifa zangu zinakaa wapi, nani anaziona, na kama kisanduku kinajua nilipo. Nikajibiwa kwamba kinatuma saa ya kufungua na hali ya betri, na jina langu haliko humo, ipo namba tu. Kila utafiti wa hapa unatakiwa kuidhinishwa na kamati ya maadili na kusajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na tangu 2019 tuna sheria ya kulinda data na faragha, kwa hiyo maswali hayo ni haki yako, usione aibu kuyauliza. Jua pia kwamba kupata kisanduku ni kwa kura. Dada mmoja tuliyeanza naye siku moja aliangukia kundi la kadi, akaumia moyoni akidhani amebaguliwa. Wamweleze mtu mapema kwamba hakuna anayechagua, na kwamba ukijitoa dawa zako zinaendelea kama kawaida.

Dukani hutakikuta, wala duka la dawa halina. Kinatoka kwenye utafiti au mradi, na ukimaliza dozi unakirudisha, kinasafishwa, kinapewa mwingine. Ukitaka kujua kama kipo kwenu, uliza dirisha la TB katika kituo cha afya cha serikali. Kama hakipo, anza dawa siku hiyo hiyo, kwa sababu zenyewe ni bure kwa kila mtu, na mwombe sista namba yake ya simu.