ePMP 1000 ya GPS: sekta nne, chaneli mbili, saa moja

Redio hii ya Cambium, ya kurusha intaneti kutoka mnarani hadi kwa wateja, ni ya zamani kidogo sasa, lakini bado iko minarani kwa wingi na ya mtumba hupatikana. Kinachoitofautisha na redio za bei chee ni kitu kimoja: inapokea saa ya GPS, hivyo sekta zote za mlingoti mmoja (kila sekta ni redio na antena inayohudumia upande wake) hutuma kwa pamoja na kunyamaza kwa pamoja.

Umuhimu wake unaonekana kwenye hesabu. ePMP hutumia masafa yaleyale kushusha data kwa mteja na kuipandisha kutoka kwake, kwa zamu. Chukua sekta mbili za chaneli moja zilizopeana mgongo, mita 2 kati yao. Kila moja inatuma kwa dBm 24 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi; ikiwa hasi, iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu zaidi), antena inaongeza nguvu ya mbele kwa dBi 17, na nguvu ya mgongoni iko chini kwa dB 30 kuliko ya mbele. Kwenye MHz 5500, mita 2 za hewa hupunguza dB 53 tu. Kelele ya jirani itafika kwa dBm −55, wakati mteja wako anasikika kwa dBm −60. Anayepayuka mgongoni amemzidi sauti yule unayemsikiliza! Zamu zikilingana, kelele hiyo inatoka wakati hakuna sekta inayosikiliza. Anayebaki ni mteja wa sekta ya nyuma, naye antena inamshusha hadi dBm −90 hivi. Ndiyo maana sekta nne huweza kutosheka na chaneli mbili tu, A-B-A-B, moja ya kila jozi ikiwekwa kuwa sekta ya mbele na mwenzake sekta ya nyuma.

Hesabu hiyo inavunjika mteja wa karibu akipiga kelele kupita kiasi. Kiwango ambacho mnara unataka kumsikia mteja huja kikiwa dBm −60 kutoka kiwandani; kiache hivyo, na kiwe kimoja kwenye sekta zote.

Sasa penye kuharibika. Wengi huwasha GPS wakadhani kazi imekwisha. Saa inasema fremu, yaani mzunguko mmoja wa kushusha na kupandisha, ianze lini. Haisemi kushusha kuishie wapi. Kwa hiyo sekta zote lazima zifanane kwa mambo manne: urefu wa fremu, uwiano wa kushusha na kupandisha, upana wa chaneli, na umbali wa juu wa mteja. Fremu ya milisekunde 5 kwa uwiano wa 75/25 inashusha kwa takribani milisekunde 3.75. Sekta moja ikiachwa 50/50, itaanza kusikiliza milisekunde 1.25 kabla wenzake hawajanyamaza, na dirisha lake la kupandisha litachafuka kwa nusu nzima. Dalili yake inapotosha: wateja wanashusha vizuri, kupandisha kunasuasua, na fundi anakimbilia kunyoosha antena ambazo hazina kosa.

Umbali nao hupuuzwa. Mawimbi huchukua mikrosekunde 33 kwa kilomita 10, kwenda na kurudi 67, na muda huo lazima uachwe wazi kabla ya zamu ya mteja. Ukiandika kilomita 30, pengo linakuwa mikrosekunde 200: asilimia 4 ya fremu ya milisekunde 5, asilimia 8 ya fremu ya milisekunde 2.5. Andika umbali wa mteja wako wa mbali zaidi, si ndoto ya mwakani, kisha namba hiyohiyo uiweke kila sekta.

Antena ndogo ya GPS ifungwe mahali inapoona anga, si chini ya bati wala nyuma ya sekta. Setelaiti zikipotea, redio huvumilia sekunde 30 kwa mpangilio wa kiwandani, kisha huacha kutuma. Kuna kishawishi cha kurefusha muda huo hadi saa nzima. Usikubali. Saa ya ndani inayokosea hata sehemu moja tu kwa milioni husogea mikrosekunde 60 kwa dakika, karibu pengo lote la kilomita 10. Kwa saa nzima inasogea milisekunde 3.6.

Udhaifu wake? Ucheleweshaji. Mtengenezaji anataja milisekunde 17 ukitumia GPS, dhidi ya 6 kwa uwiano unaojibadili kufuata mahitaji, na huo unaojibadili haukubali GPS kabisa. Wacheza gemu watalalamika. Fremu ya milisekunde 2.5, iliyokuja na programu za baadaye, inapunguza kusubiri lakini inagharimu uwezo. Pia GPS haizuii Wi-Fi ya jirani wala mtoa huduma mwingine asiyekubaliana nawe mipangilio. Mwenye sekta moja pekee anunue toleo lisilo na GPS, ila ajue mlango wake wa Etha ni wa Mbps 100, wakati ule wa toleo lenye GPS ni wa gigabiti.

Ukishafunga, pima usiku wa manane. Andika kiwango cha moduleshoni (namna data inavyopakiwa kwenye mawimbi; kikiwa juu, kasi ni kubwa) cha kupandisha kwa wateja watano, zima sekta ya nyuma, kisha soma tena. Kikipanda ghafla, rudia yale manne, ukianza na uwiano.