Fuagra: ini limefika jikoni kwangu, na haya ndiyo maoni yangu

Kazi yangu ni upishi. Mteja aliyekuwa akiandaa karamu aliniletea fuagra, yaani ini la bata aliyelishwa kwa nguvu mpaka ini linenepe, zima na bichi, nimpikie, nikalipika na kulionja.

Ladha kwanza, maana ndiyo inayouzwa. Nilikata vipande vya unene wa kidole, nikaviweka kwenye kikaango cha moto bila tone la mafuta. Muda si mrefu kikaango kikajaa mafuta ya ini lenyewe na vipande vikawa vimesinyaa. Kwa nje vilikauka kidogo, ndani vikabaki laini kiasi cha kuyeyuka ulimini. Ni kitamu, sitamdanganya mtu.

Lakini mpishi hushika kabla ya kuonja. Maini ya bata nimeyasafisha miaka mingi: ni ya rangi ya damu ya mzee, yanateleza, na moja linakaa kiganjani nafasi ikabaki. Hili lilikuwa la manjano hafifu kama siagi, limejaza viganja vyote viwili, uzito zaidi ya nusu kilo. Ukilibonyeza kwa kidole gumba, alama inabaki. Ini la kuku au la mbuzi likija katika hali hiyo nalirudisha kwa aliyeniuzia, kwa sababu ni ini la mgonjwa.

Kifungashio kilitaja nchi, Ufaransa, na daraja la ubora. Jinsi bata alivyolishwa hakikugusia kabisa. Siku kumi hadi kumi na tano za mwisho wa maisha yake, kwa kawaida mara mbili kwa siku, bata hushikwa shingo, bomba likashushwa kooni, na mashine ikasukuma uji mzito wa mahindi kwa sekunde chache. Ini hujaa mafuta na linaweza kuvimba hadi mara kumi ya kawaida. Wauzaji husema ndege wa porini nao hujiwekea mafuta kabla ya kuhama. Ni kweli, ila hao hula wenyewe na huacha wakishiba. Kamati ya wanasayansi ya Umoja wa Ulaya ilishasema mwaka 1998 kwamba ulishaji huu unadhuru ustawi wa ndege. Hata hivyo kanuni za Umoja huohuo zinataka ini la bata lifike angalau gramu 300 ndipo liitwe fuagra. Bata anayejilia mwenyewe atalifikishaje?

Na vifaranga majike! Wengi huuawa mara tu wanapototolewa, kwa kuwa ini lao ni dogo na lina mishipa mingi. Hilo linaniuma kuliko bomba lenyewe.

Uhispania, huko Extremadura, kuna shamba linalowaacha bata bukini wajilishe mbegu za mialoni na zeituni, wakachinjwa mara moja kwa mwaka. Ini lao ni dogo na hupatikana kwa shida, na naona hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Ladha naipa nne kwa tano. Bidhaa yenyewe naipa sifuri, na jikoni kwangu hailetwi tena. Mteja wangu nimemshauri karamu ijayo tusage maini ya kuku kwa siagi, vitunguu na konyagi kidogo, tuyagandishe usiku kucha, wageni wapake kwenye mkate. Amekubali.