Usukani mpe, ubao wa kati usithubutu

Nilikuwa nimeshaamua kulinyamazia hili, nimeshindwa. Karakana ya fundi wa vyombo ninayemsema iko kaskazini mwa Unguja, jina silitaji. Aliyewahi kupeleka kazi pale atajua namsema nani.

Mie nina kiboti cha tanga cha Kizungu, kidogo, hakina mkuku wa maana, ule uti wa chini ya chombo, kama dau au mashua. Badala ya mkuku kina ubao wa kati, unaoteremshwa majini kupitia ala iliyojengwa katikati ya chombo. Bila ubao huo, kwenda bisho, yaani kuukabili upepo, usahau. Kusi ikikaza chombo kinateleza demani tu, kule upepo unakoelekea, ulikuwa unakwenda Mkokotoni ukajikuta Pangani.

Ubao wa zamani ulioza, na usukani nao ukakatika penye bawaba. Nikampelekea fundi vyote viwili, pamoja na kigezo nilichokikata kwenye plaiwudi: ukingo wa mbele mviringo, wa nyuma mwembamba, na penye unene mkubwa pawe karibu na theluthi ya upana kutoka mbele. Wataalamu wanaliita umbo hilo NACA 0012, yaani unene ni asilimia 12 ya upana. Fundi akakitazama kigezo, akakigeuza, akakisukumia chini ya mguu wa benchi lake lililokuwa linayumba.

Haki isemwe lakini. Usukani ule, wallahi, sijaona mfano wake. Alichukua mvule mkavu, akaanza na tezo, akaja na randa, hakupima na chochote. Alifumba macho akapitisha kiganja upande mmoja, akapitisha upande wa pili, akarudi na randa akatoa maranda mawili matatu membamba hata mwanga unapita. Nikachomoa kigezo changu chini ya benchi, nikakibandika juu ya kazi yake: hakuna upenyo hata wa kuingiza ukucha. Leo kana, ule mti wa kushikia usukani, naishika kwa vidole viwili, na kelele ya mvumo iliyokuwa ikitoka nyuma chombo kikishika mwendo imekwisha kabisa. Kwa usukani ningempa kila sifa na nyota zote zilizopo.

Sasa huo ubao.

Tulikuwa tunarudi kutoka upande wa Tumbatu, mimi na mpwa wangu, siku za bamvua, maji makubwa. Maji yanatoka kwa kasi, na anayeijua Mkokotoni anajua maji yakitoka pale yanavyokwenda mbali. Tukafika pa kina kifupi, nikamwambia kijana pandisha ubao. Akavuta. Akavuta tena, akasimama, akaweka miguu huku na huku ya ala, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Haukutikisika. Nikaacha kana nikaenda mwenyewe, nikaugonga kwa nyundo kutoka upande, wapi! Chombo kikakaa juu ya ubao wake mchangani, kikalala ubavu taratibu, halafu nikasikia ule mlio. Ala ikapasuka kwa chini, maji yakaanza kuingia. Ngalawa mbili zikatupita kwenye maji ya magotini, zimetulia kabisa, na mmoja akatuuliza kama tunafanya mazoezi.

Tulipoutoa ubao kwa msumeno nikauona ulivyo. Nilikuwa nimeomba vipande vyembamba viunganishwe kwa gundi, nyuzi za kipande hiki zikipingana na za jirani yake, ili mbao isijipinde. Kumbe ni ubao mmoja mpana, na umejikunja. Nilikuwa nimeomba epoksi, ile gundi ngumu ya kuzuia maji, kotekote, nimekuta vanishi ya kung'aa usoni tu. Ncha ya chini, pale nyuzi za mti zinapokatwa, ni mbao tupu, ukiigusa bado inatoa maji. Ndipo panaponywa maji kuliko popote! Na nafasi ndani ya ala hakuiacha kabisa, aliupima ukiwa mkavu ukaingia sawasawa, basi, kwake kazi imekwisha.

Nikampelekea vipande. Nimemkuta na kahawa yake na kashata. Nikamwambia kwa adabu, mzee wangu, ubao umevimba. Hakuinuka.

"Yakhe, mbao ikinywa maji isivimbe? Weye ukinywa maji hukojoi?"

Watu wakacheka. Nikamuuliza epoksi niliyoilipia iko wapi. Akasema epoksi ni ya vyombo, hiki changu cha kuchezea watoto.

Hapo ndipo damu iliponichemka, na haijapoa. Angekuwa hajui kazi ningemsamehe, fundi asiyejua tunao wengi. Huyu anajua! Mkono uliochonga usukani ule unajua fika mbao inafanya nini majini. Ubao wa kati hakuuheshimu kwa sababu majahazi hayana, basi akaona ni kijipande cha kufungia hesabu. Niliwaza labda nilimlipa kidogo. La, bei aliitaja mwenyewe, nami sikupunguza hata shilingi.

Mpwa wangu ananiambia nisimharibie mzee riziki. Sawa, simharibii: usukani mpelekeeni, hata kesho. Tena na kana akuchongee. Ubao wa kati ukilazimika kumpa, kaa hapo hapo umtazame. Akatae asikatae, mwambie aache nafasi ya unene wa sarafu kila upande, na ncha ya chini uipake epoksi wewe mwenyewe kabla pesa ya mwisho haijatoka mfukoni. Mie yangu imeshatoka, na ninaidai bado.