Uzoefu wangu na koili ya moto ya bei nafuu kwenye pikipiki ya CG125 ya zamani, Malindi

Koili, kifaa kinachokuza umeme ili plagi itoe cheche, niliyonunua ni ile isiyo na jina, inayouzwa ikiwa na waya na kofia ya plagi, kwa injini za CG125 za Kichina zenye CDI (kisanduku cha kielektroniki kinachoipa koili umeme kwa wakati wake). Nimeitumia miezi minane. Koili yenyewe inastahili bei yake. Kofia iliyokuja nayo ni ya kutupa.

Ugonjwa ulikuwa huu: asubuhi kiki moja, inawaka. Ukitoka Malindi kuelekea Gede, injini ikishashika joto inaanza kumisi, inapoteza nguvu, inazima. Ikipoa robo saa inawaka kama haikuwa na neno. Dalili hizi huwafanya mafundi wengi wakimbilie CDI, maana kuibadilisha ni kuchomoa soketi na kuchomeka nyingine tu. Pikipiki hii ilishabadilishwa CDI mbili kabla mtu hajashika mita ya kupimia umeme.

Anza kwa kuondoa shaka ya mafuta. Inapozima tu, fungua kifuniko cha tanki. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, kisha ikawaka baada ya muda mfupi, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba na koili haina kosa. Vumbi likichanganyika na unyevu wa pwani huziba tundu hilo upesi.

Cheche ipime palepale ilipozima, si baada ya kufika nyumbani. Usifungue plagi iliyomo kwenye injini yenye joto: kichwa ni cha alumini na nyuzi zake huharibika kirahisi, tena mvuke wa petroli ukitoka kwenye tundu unaweza kushika moto. Beba plagi ya akiba, ichomeke kwenye kofia, chuma chake kiguse mapezi ya silinda, kisha piga kiki. Usipige kiki plagi ikining'inia hewani. Umeme ukikosa njia ya kwenda bodi, yaani chuma cha pikipiki, huitafuta ndani ya koili, nawe unaimaliza kabisa. Cheche nzuri ni ya buluu na inasikika. Hapa ilikuwa nyembamba, ya rangi ya chungwa, kisha ikapotea.

Kisha chomoa waya mweusi wenye mstari mweupe unaotoka kwenye CDI kwenda swichi ya funguo. Kwenye CDI za aina hii, waya huo ukigusa bodi ndipo injini huzima. Kwa hiyo swichi iliyoingia chumvi yaweza kuua moto yenyewe. Cheche ikirudi, shughulikia swichi. Kumbuka tu kwamba injini ikiwaka hivyo, ufunguo hautaizima: weka gia, kanyaga breki, achia klachi.

Mita sasa. Gusanisha ncha zake kwanza, na namba utakayoona uitoe kwenye kipimo, maana upande mdogo wa koili (unaopokea umeme wa CDI) una ukinzani chini ya omu 1 na waya za mita pekee zinaweza kukudanganya. Upande mkubwa (unaopeleka umeme kwenye plagi), kofia ikiwa imetolewa, ni kilo-omu kadhaa, yaani maelfu ya omu. Koili ya zamani ikiwa baridi ilisoma vizuri kote kuwili, na hapo ndipo wengi huiachilia. Ikiwa na joto, upande mkubwa ulianza kurukaruka, mara kilo-omu 4, mara hakuna kitu. Waya wa ndani ni mwembamba kama unywele. Ukiwa na ufa, koili ikitanuka kwa joto ncha zake zinaachana. Na hata ikisoma vizuri ikiwa na joto, usiipe cheti: mita inapima kwa volti chache, koili inafanya kazi kwa maelfu. Kuna nyingine hupasuka ngozi ya nje tu, utaziona usiku gizani zikirusha cheche kwenye fremu.

Ufungaji wa hii mpya ulihitaji mkono kidogo. Matundu ya bolti hayakulingana na ya fremu, nikayapanua kwa tupa. Bamba lake la chuma ndiyo njia ya bodi, basi kwangua rangi chini yake mpaka chuma king'ae, funga, halafu paka grisi juu kuzuia kutu. Kofia iliyokuja nayo niliipima ikasoma kilo-omu 11. Nikaweka ya NGK ya kilo-omu 5. Kata milimita 5 za ncha ya waya wa plagi mpaka uone shaba safi isiyo na ukijani, kisha kaza kofia kwa kuizungusha. Plagi ni D8EA, nafasi milimita 0.6 hadi 0.7. Ikiwa mpya, kaza kwa mkono mpaka ikae, ongeza nusu mzunguko kwa spana.

Kwa walio karibu na bahari: grisi ya silikoni kidogo ndani ya mpira wa kofia huzuia unyevu wa chumvi. Grisi ya bearingi usiitie humo. Na mashine ya kuoshea kwa presha isielekezwe chini ya tanki.

Mpaka sasa upande mkubwa haurukiruki hata injini ikiwa na joto kali. Zile CDI mbili zilizotolewa nimezijaribu tena kwenye pikipiki hiihii. Zote nzima.