Uzoefu wangu: maktaba ya michoro iliyoniaibisha Kilimani

Si desturi yangu kuandika maoni juu ya maktaba za programu, yaani msimbo ulioandikwa na wengine ili tuutumie ndani ya programu zetu, na nisingeandika haya lau si mteja wangu wa Kilimani, Nairobi, aliyeniuliza, mbele ya wenzake wawili, kama jengo nililokuwa nikimwonyesha limeungua kabla halijajengwa. Ilikuwa miezi kadhaa iliyopita. Mimi hutengeneza programu ya simu inayomwezesha mnunuzi kuizunguka nyumba ambayo kwa sasa ni shimo lililozungushiwa mabati, na chini ya programu hiyo nilikuwa nimeweka maktaba hii, inayokaa kati ya msimbo wangu na kichakataji cha michoro ili niandike mara moja tu, kisha yenyewe izungumze na Vulkan kwenye Android na Metal kwenye iPhone, mifumo ambayo programu huitumia kukipa kichakataji hicho amri. Jina lake silitaji. Walioumwa nayo wataitambua.

Kwenye kipakatalishi changu kila kitu kilipendeza. Kwenye simu ya mteja, ya bei nafuu kama zile zinazopangwa madirishani Luthuli Avenue, kuta za sebule zilijaa viraba vyeusi vilivyorukaruka kila alipoigeuza picha. Simu ile ilikuwa na kichakataji cha aina ya Mali, jina ambalo Mswahili aliyeinunua kwa kudunduliza hawezi kulisoma bila kutabasamu. Mimi siku hiyo sikutabasamu.

Chanzo nilikipata baada ya usiku kadhaa wa kulala saa nane. Zamani za OpenGL, mfumo uliotangulia Vulkan, draiva (programu inayokiendesha kichakataji) ndiyo iliyohakikisha kwamba hatua moja ya uchoraji imemaliza kuandika kabla hatua inayofuata haijasoma. Tangu Vulkan itoke mwaka 2016, jukumu hilo ni la mwandishi wa programu, anayepaswa kuweka vizuizi, yaani amri za kuifanya hatua moja iingoje nyingine, kwa mkono wake, na maktaba hii hujigamba kwamba imekupokea mzigo huo. Ilikuwa imeupokea nusu. Ilifuatilia picha za rangi ikasahau picha za kina, zile zinazohifadhi umbali wa kila pikseli kutoka machoni pa mtazamaji, ambazo mimi nilizitumia kukokotoa vivuli. Kadi ya michoro ya kipakatalishi changu, kwa bahati tu, ilimaliza kazi kwa mpangilio. Mali haibahatishi hivyo: kazi za vipeo (pembe za maumbo) na za ukokotoaji hupita foleni moja, kazi za kupaka pikseli hupita nyingine, na foleni hizo mbili hukimbia sambamba mpaka uziambie zingojane. Hakuna aliyeziambia. Vivuli vyangu vilikuwa vikisoma kina ambacho hakijaandikwa, na matokeo yake ni moshi ukutani.

Hitilafu naweza kuisamehe. Nilimwandikia mtunzaji wa maktaba kwa adabu, nikaambatanisha picha na msimbo mfupi unaoirudia hitilafu yenyewe, naye akanijibu kwa sentensi moja kwamba simu za namna hiyo ni takataka na mteja wangu anunue nyingine. Bwana huyu ameunda kitu ambacho kazi yake yote ni kuficha tofauti za vifaa, halafu kifaa kilipotofautiana akakilaumu kifaa! Simu hizo anazoziita takataka ndizo zilizomo mikononi mwa watu ndani ya matatu ya Rongai, nao ndio wanaonunua nyumba kwa mikopo. Baya zaidi, hakuacha hata mlango mdogo wa mimi kuweka kizuizi changu mwenyewe pale chake kilipokosekana; ilinibidi nifungue msimbo wake na kuurekebisha kutoka ndani. Nyota moja, nayo ni ya huruma.

Hata hivyo sitakuwa mkweli nikinyamazia upande wangu. Vulkan ina tabaka za ukaguzi, zinazomwonya mwandishi anapokosea, na ukaguzi wa usawazishaji ndani yake, ule wa kuangalia kama hatua zinangojana, huwa umezimwa mpaka uuwashe wewe. Mimi sikuuwasha. Ningeuwasha, ungepiga kelele siku ya kwanza, tena kwenye kipakatalishi kilekile. Na nilipokuwa ndani ya msimbo wa bwana yule nikitafuta cha kuchukia, nilikuta kazi safi kuliko nilivyotaka iwe: kila bafa (kipande cha kumbukumbu chenye data) na kila picha hushikwa kwa namba inayobeba nafasi pamoja na kizazi, yaani nafasi hiyo imetumiwa upya mara ngapi, hata ukitumia kitu kilichokwisha kufutwa unakamatwa papo hapo badala ya kuharibu kumbukumbu kimyakimya. Basi nyota tatu.

Marekebisho yangu, ambayo hayakuzidi mistari kumi, nilimtumia. Aliyaingiza kwenye toleo lililofuata bila kusema ahsante na bila kugusia zile takataka. Nyota mbili. Wiki hii nimeanza kazi ya mteja mwingine, wa Ruaka, na maktaba niliyoiweka ni hiyohiyo, ila simu ya kujaribia nimeinunua Luthuli mwenyewe, ya bei ya chini kabisa waliyokuwa nayo.