Mkoba wa laki tisa: dukani rangi moja, juani rangi mbili!

Mambo vipi familia, karibuni tena. Leo nimekasirika, nawaambia mapema. Mkoba ndio huu. Mifuko mingapi, zipu ya aina gani, mmeshaona kwenye picha za duka, siwachoshi. Nataka mtazame vitu viwili tu: mkoba wenyewe, na huu mkanda wa begani.

Rangi ni damu ya mzee, sawa? Hapa chini ya balbu ya njano vyote vinafanana kabisa. Hata dukani niliukagua kama mama mkwe anavyokagua jiko, sikuona kosa. Sasa twendeni dirishani. Subirini, nashika kamera kwa mkono mmoja... Haya! Mnaona? Mkoba umebaki damu ya mzee, mkanda umegeuka zambarau! Narudi kwenye balbu: mapacha. Dirishani: hawajuani. Tena. Balbu... dirisha. Sijagusa rangi za video, jamani.

Si uchawi. Ngozi mbili zikitiwa rangi kwa michanganyiko tofauti, zinaweza kulingana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine. Wataalamu wanaita metamerizimu. Ndiyo maana viwanda vya ngozi za kifahari hutumia kibanda cha taa: sampuli inatazamwa kwenye mwanga kama wa mchana, kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), halafu balbu ya njano, halafu taa za tyubu kama za madukani. Baada ya macho inakuja spektrofotomita, mashine ya kupima rangi, inayotoa namba ya tofauti ya rangi, delta E. Ikiwa chini ya 1, jicho la kawaida halioni kitu. Huu mkanda unaonekana hata kwenye simu yangu iliyopasuka kioo!

Sasa tazameni hii pochi ya fundi wa Kariakoo, elfu arobaini na tano. Vipande vyote kavikata kwenye ngozi moja, kwa hiyo balbuni na dirishani ni ileile. Sawa, hapa pembeni imefifia kidogo, nadhani ni kipande cha tumbo. Tumbo na mgongo wa ngozi havinywi rangi sawasawa. Lakini elfu arobaini na tano!

Eti, kabla sijasahau, Jumamosi tuko laivu saa mbili usiku, maswali yenu ya viatu nitayajibu yote.

Tuendelee. Niwe mkweli, kuna kitu kimenishangaza. Leso nyeupe, nailowesha, nasugua mkoba... kumi... kumi na tano... ishirini. Oneni leso. Safi! Kiwandani jaribio hili hufanywa na mashine inayosugua kwa kipande cha sufu nyeupe, kikavu, kilicholowa maji, hata kilicholowa jasho la kutengeneza. Kisha doa linapewa alama kwa kipimo cha kijivu, yaani ngazi za kijivu za kulinganishia doa, 1 hadi 5, na 5 ndiyo bora. Mimi kwa macho yangu naupa 4 na nusu. Hauchuji. Vaa kanzu yako nyeupe bila wasiwasi.

Na mshono... aah, mshono mzuri, sikatai. Nilikuja kuwaambia msinunue, sasa naona hasira inashuka. Ukiuvua huu mkanda ukabeba mkononi, mkoba mzuri. Ila laki tisa halafu uvue mkanda?

Wenye duka nimeshawaandikia. Wamenijibu eti tatizo ni taa yangu. Jamani, taa yangu ni jua!